Milio Miwili ya Kadi

"Hiyo, dada yangu, peleka makumbusho. Watakupokea kwa mikono miwili."

Muuzaji alisema kwa sauti ya kusikiwa na wenzake, na wenzake hawakumwangusha. Kicheko kilizunguka kaunta zote za ghorofa ya chini. Ilikuwa adhuhuri, saa ambayo jengo la vifaa vya umeme hujaa hadi ngazini: spika zinashindana kupiga kelele, wabeba maboksi wanaomba njia kwa mabega, na hewa inanuka plastiki mpya na risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamke mwenye gauni la zambarau na viatu vya chini, nywele kazisuka na kuzifunga nyuma, amekumbatia laptopu nene kama tofali. Yeye hakucheka.

"Nimeuliza swali moja," alisema. "Kuna mtu hapa anayeweza kuifanya ikubali hii kadi, au hakuna?"

Akafungua mkoba, akatoa kasha la miwani. Ndani hamkuwa na miwani. Mlikuwa na kadi bapa ya chuma, imefungwa kwa kitambaa cha flana kama kitoto kichanga.

Watoto wa shule walimwita Anti Pii, na jina hilo lilikuwa limeshamganda. Kazi yake ilikuwa kupima usikivu. Anamvisha mtoto hedifoni, anabonyeza, pii, mtoto akisikia anainua mkono. Sauti hizo zilitoka kwenye kadi ile, na kadi ile iliingia kwenye tundu lililo ubavuni mwa laptopu. Laptopu za siku hizi hazina tundu hilo tena, na kiwanda kilichotengeneza kadi kilishafunga milango. Kadi yake ya kwanza ilivunjika siku laptopu ilipoanguka, kadi ikiwa imechomoza ubavuni. Hii ya pili ndiyo ilikuwa ya mwisho. Tangu hapo alijiwekea sheria: kazi ikiisha, kadi inatoka, inavikwa flana, inalala kwenye kasha, kasha linaingia mkobani.

"Kadi haina kosa," sauti ikasema nyuma yake. "Na laptopu haina kosa. Hawajajulishana tu."

Aligeuka. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya buluu, mikono kaikunja hadi viwikoni, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, na nyuma ya sikio kachomeka bisibisi.

"Na wewe ni nani, mshenga?"

"Wananiita Bisibisi. Nimeshuka kununua skrubu, karakana yangu iko juu. Mfumo wa hiyo laptopu umebadilishwa karibuni, sivyo?"

"Ofisini wameweka mpya. Wakasema nitafurahi."

"Basi kiini cha huo mfumo mpya hakijaambiwa kwamba kuna tundu ubavuni. Unachomeka kadi, lakini huko ndani hakuna anayejua kuna mtu mlangoni."

"Usinipe maneno matamu. Inawezekana, haiwezekani?"

"Inawezekana, daktari."

"Mimi si daktari."

"Inawezekana, wewe usiye daktari. Ila lifti imekufa, na ngazi ni nyingi."

Alimtazama viatu, akamtazama kucha, akaona ni mtu anayeosha mikono. Akamfuata.

Karakana ilikuwa chumba chembamba chenye dirisha moja na meza ndefu. Laptopu zililala juu yake matumbo wazi, skrubu za kila moja zimepangwa kwenye kifuniko cha chupa. Bisibisi alimvutia kiti kilichokuwa na mto, yeye akakalia ndoo iliyopinduliwa. Kwenye kioo cha laptopu yake ukafunguka ukurasa wa maswali usio na mwisho.

"Kiini ndicho kinachosimama kati ya programu na vyuma," alieleza. "Kibodi, kioo, spika, vyote kinavijua kwa sababu mtu alikaa akakiambia. Sasa kinauliza. Tundu la kadi, unalitaka? Kadi za aina hii, unazitaka? Mimi najibu ndiyo, hapana, au moduli."

"Moduli ndiyo nini?"

"Ni ndiyo ya masharti. Kitu hakikai ndani muda wote. Kinaitwa kinapohitajika, kisha kinaondoka."

"Nimewahi kuwa na mchumba wa hivyo."

Bisibisi akacheka hadi miwani ikamshukia puani. "Pole. Na sisi tunaopenda kukaa ndani muda wote?"

"Wewe fanya kazi."

Akafanya kazi. Kiini kilijengwa polepole, mistari ya maandishi ikipanda kiooni kama sisimizi ukutani, na wao wakajikuta wanaongea. Anti Pii alimsimulia kuhusu mdogo wake wa kiume, aliyeitwa mkaidi shule nzima, akachapwa kwa kutojibu akiitwa, kumbe sikio moja lilikuwa halifanyi kazi na la pili lilikuwa linafuata. Hakuna aliyewahi kumpima. Alisimulia bila kutafuta huruma, macho makavu. Bisibisi akasogeza feni imwelekee yeye.

"Nimekuwekea kitu cha ziada," alisema mwishoni. "Mlio wa kwanza maana yake tundu limeonekana. Wa pili, kadi imetambuliwa. Ukisikia mmoja tu, nipigie simu. Usiposikia hata mmoja, njoo mbio."

Anti Pii alichomeka kadi. Pii. Pii.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa amesikiliza milio, na hakukumbuka mingine iliyomfurahisha kama hiyo miwili. Lakini hakuwa mtu wa kushangilia kabla ya kuhakikisha. Akamvika Bisibisi hedifoni.

"Ukisikia sauti, hata ikiwa ndogo kama mbu wa chumba cha pili, inua mkono. Usiposikia, tulia."

Mkono ukapanda papo hapo.

"Sijabonyeza."

"Nilidhani unataka nisikie."

"Mimi sitaki chochote. Nataka ukweli wa sikio lako."

Mkono ukapanda tena.

"Bisibisi!"

"Nimeona kidole chako kinasogea."

"Geuka, tazama ukuta. Nimepima watoto wa darasa la kwanza wenye subira kuliko wewe."

Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, mmoja akiwa amegeuziwa ukutani.

Baada ya hapo simu hazikupoa. Alimpigia asubuhi akiwa njiani kwenda shuleni, naye akampigia mchana akiwa na bisibisi mdomoni, maneno yanatoka nusu.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula."

"Lini?"

"Jana."

"Nenda ukale. Mimi sitaki mpenzi wa kuhesabika mbavu."

"Unaniamrisha, daktari?"

"Mimi si daktari. Ndiyo, nakuamrisha."

Siku Anti Pii alipomleta nyumbani kwao, Bisibisi alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, na bisibisi aliisahau nyuma ya sikio. Mama yake Anti Pii, mkunga mstaafu asiyejua kuzungusha maneno, alimsalimia, akamkaribisha, akamsikiliza, na alipoondoka akatoa hukumu. "Kucha zake safi, na hakujisifu. Mengine mtayajua wenyewe."

Kilichowagombanisha ni mzunguko.

Kila mwaka mradi wa kupima usikivu ulichagua kutoka vituo vyake mpimaji mmoja wa kupanda gari na kuzunguka shule za mbali muhula mzima, shule ambazo hakuna mtoto aliyewahi kuvishwa hedifoni. Anti Pii aliomba nafasi hiyo mara nyingi akanyimwa. Safari hii aliitwa. Alipanda ngazi za jengo mbio kumwambia mpenzi wake, akafika anahema, akatabasamu, akamwambia. Bisibisi akaweka chini kifaa alichoshika.

"Muhula mzima?"

"Muhula mzima."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwepo. Simu zipo."

"Huko mtandao unashika?"

"Utashika siku utakaposhika. Mpenzi, nilikuwa nadhani utanipongeza."

"Hongera," alisema, uso mkavu. Kisha, kwa sababu jambo lilikuwa limemkaa kooni na hakujua njia nyingine ya kulitoa, akaongeza: "Angalia tu hiyo mashine yako isije ikakuaibisha huko mbali."

Anti Pii akateremka ngazi polepole kuliko alivyopanda.

Wakanuniana. Simu zikawa za salamu tu, umeamkaje, nimeamka, haya. Jumamosi Bisibisi akaja mwenyewe hadi mlangoni, ovaroli na yote, akasema bila kumwangalia usoni, "Laptopu yako inachelewa kuwaka. Nipe niifanye nyepesi kabla hujaondoka." Akampa. Anti Pii aliona ni njia yake ya kuomba radhi, na alikuwa na hamu ya kuombwa radhi kwa njia yoyote. Jumapili jioni alipotoka saluni alikuta mashine imesharudi, iko mezani, mama anaikagua kwa mbali.

"Kaileta. Kasema imepona uvivu."

Aliiwasha. Zamani ungeweza kuoga kabla haijaamka. Sasa iliwaka kabla hajavuta kiti. Akatabasamu peke yake, akaizima, akaiweka kwenye begi. Kadi ilikuwa kwenye kasha lake, mkobani, ilikokaa tangu Ijumaa.

Jumatatu alikuwa kwenye bwalo la shule. Watoto walikaa kwenye mabenchi wakisukumana, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kwa Anti Pii. Msimamizi wa mradi, mwanamke wa suti ya kijivu, alikaa pembeni na miwani yake. Alikuja kuona kazi kabla ya gari kuondoka Ijumaa. Anti Pii akatoa kadi, akaifungua flana, akaichomeka.

Kimya.

Akaichomoa, akaipuliza, akaichomeka tena. Kimya. Akazima laptopu, akaiwasha, ikaamka kwa ile kasi mpya, akachomeka. Hakuna mlio wa kwanza, hakuna wa pili. Programu ya kupimia ikaandika kwamba kifaa hakipo. Akatafuta kiini cha zamani kwenye ukurasa wa kuwashia, kile ambacho Bisibisi alimfundisha akichague mambo yakiharibika. Hakikuwepo.

"Anti, mbona hailii?" akauliza msichana wa benchi la mbele.

"Inalala kidogo, mwanangu."

Alijua hesabu ya watoto waliokuwa wakimtazama bila kuwahesabu, na alimjua kila aliyegeuza shingo ili asikie kwa sikio moja.

Msimamizi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Si kwa ubaya," alisema, akifunga mkoba wake. "Lakini gari haliwezi kwenda na mashine ya kubahatisha. Isipopona kabla ya Ijumaa, itabidi aende yule wa kituo kingine."

Anti Pii alimpigia Bisibisi simu akiwa nje ya bwalo, amesimama kwenye jua bila kujua amesimama kwenye jua.

"Haloo, roho yangu, imeendaje?"

"Umefanya nini kwenye mashine yangu?"

"Nimeipunguzia mzigo. Inawaka vizuri, sivyo?"

"Inawaka vizuri na haijui kadi. Haina hata mlio mmoja. Na kile kiini cha zamani umekiondoa."

"Haiwezekani. Mimi nilijaribu kila kitu, sauti, kioo, betri..."

"Ulisema isije ikaniaibisha. Imeniaibisha mbele ya watoto na mbele ya bosi. Hongera sana. Hukutaka niende, sasa siendi."

"Wewe, unadhani mimi naweza..."

"Usinipigie tena."

Akakata.

Jumanne Bisibisi alipiga tangu alfajiri. Simu ilitetemeka mezani, ikatembea yenyewe hadi ukingoni, mama akaidaka isianguke na kuirudisha katikati. Ikatetemeka tena. Anti Pii alikuwa amekaa na khanga mabegani, ameshika tama, hana habari na chai iliyopoa. Baada ya hapo simu ya mama ndiyo ikalia.

"Nani? Ee, nakusikia, baba. Marahaba. Hapana, hataki. Usilie. Nimesema usilie, siwezi kumsikiliza mtu anayelia. Sema swali lako." Mama akaweka mkono juu ya simu. "Anauliza kitu kimoja. Siku ile alipokaa na mashine yako, kadi ilikuwa wapi?"

"Swali gani hilo? Mwambie aache ujanja."

"Jibu."

"Ilikuwa..." Macho yakaenda kwenye mkoba uliokuwa umening'inia mlangoni. "Ilikuwa kwenye kasha."

"Kasha gani?"

"La miwani. Mkobani."

"Ilikuwa mkobani mwake, baba," mama akaiambia simu. Akasikiliza, akakunja uso. "Kajipiga kofi la paji. Nimelisikia." Akakata simu bila kuaga, kama kawaida yake, akakaa mbele ya binti yake.

"Mimi sijui kiini wala ganda. Nakuuliza wewe. Kazi yako ni kupima wasiosikia, sivyo? Mwanamume wa watu kaongea, umemkatia. Kapiga, hujapokea. Hapo sikio bovu ni la nani?"

"Mama, unamtetea?"

"Simtetei. Kama kakuharibia kwa kusudi, nitapanda hizo ngazi mwenyewe na magoti yangu haya, atanikoma. Lakini kwanza mpime. Oga. Vaa kitu cha maana, umekaa kama mgonjwa wa wodini."

Akaoga. Akavaa lile gauni la zambarau, si kwa ajili ya Bisibisi, alijiambia, ila kwa sababu ndilo lililokuwa safi.

Karakana ilikuwa wazi lakini feni ilikuwa imezimwa. Bisibisi alikuwa kwenye ndoo yake, macho mekundu, ndevu hazijaguswa. Alipomwona alisimama, ndoo ikaanguka, hakuna aliyeiokota.

"Nieleze," alisema Anti Pii, bado yuko mlangoni. "Maneno mafupi."

"Kuna amri ya kupunguza kiini. Inatazama vifaa vinavyotumika wakati ule ule, inabakiza hivyo, vingine vyote inavitupa. Ndiyo maana inawaka haraka. Mashine ilikuja kwangu bila kadi. Tundu lilikuwa tupu. Ikaona hakuna anayelitumia, ikalitupa, na kadi yake, na milio yake."

"Na kiini cha zamani?"

"Nilikifuta nipate nafasi. Hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza hafuti cha zamani kabla ya kukiamini kipya. Mimi nilifuta."

"Unajua kwamba ile mashine bila kadi ni tofali. Kwa nini hukunipigia ukaniomba kadi?"

Alitazama sakafu. Huko nje mtu alikuwa anaburuza boksi ngazini, kila kipandio kishindo.

"Tulikuwa tumenuniana. Nikaona nikikupigia nitakuwa nimeanza mimi. Nikasema nitaifanya nzuri, utaikuta mezani, utafurahi. Yale niliyoyaona hapa mezani ndiyo niliyodhani yapo."

"Kwa hiyo ulikisia."

"Nilikisia."

"Kama ulivyoinua mkono."

"Kama nilivyoinua mkono."

Hakujitetea zaidi, na hilo lilimgusa kuliko machozi ya simuni. Akaingia, akaweka begi juu ya meza, lakini hakukaa.

"Ulitaka nisiende. Usinidanganye."

"Nilitaka usiende. Hata sasa, kipande changu kimoja kinataka. Lakini sikukuharibia kwa ajili hiyo, haki ya nani. Nilikuwa naona aibu kwa yale niliyokuambia, nikataka uende na mashine nzuri. Nikaitengeneza hadi nikaiharibu."

"Ungeniambia tu kwamba unaogopa."

"Mwanaume mzima niseme naogopa?"

"Mwanaume mzima ulikuwa unalia kwa mama yangu."

Ikamtoka Bisibisi pumzi iliyokaribia kuwa kicheko. "Naogopa," alisema. "Naogopa utakaa huko muhula mzima, utazoea maisha ambayo mimi simo, utarudi umenisahau."

"Basi sasa nimesikia. Lingine?"

"Hakuna lingine. Lete nikutengenezee, iwe tayari leo leo."

"Hapana." Akavuta kile kiti chenye mto, akakaa mbele ya laptopu yeye mwenyewe. "Umeshanitengenezea vya kutosha. Maswali nitajibu mimi. Wewe niambie tu kila moja linauliza nini."

Bisibisi akainua ndoo yake, akakaa kando.

"Kwanza kadi," alisema. "Ichomeke kabla ya yote. Ikae humo mpaka mwisho."

Akaichomeka. Kimya bado, lakini kadi ilikuwa tunduni. Wakaanza. Alisoma kila swali kwa sauti, akijikwaa kwenye maneno, naye akamfafanulia, na mara mbili tatu mkono wa Bisibisi ulikimbilia kibodi ukarudi wenyewe. Mara ya mwisho aliukalia kabisa, kama mtoto aliyekatazwa kujikuna. Anti Pii aliona. Bega lake lililokuwa limekaza tangu jana lililegea kidogo.

"Na hiki cha sasa tukifute?"

"Usikifute. Hata kama kibovu, kiache pembeni mpaka kipya ukiamini."

Kiini kikajengwa. Wakanywa maji kwa zamu kutoka kikombe kimoja, kwa sababu cha pili kilikuwa na skrubu. Mashine ikazimwa, ikawashwa.

Pii.

Wakangoja. Mlio wa pili haukuja.

"Mmoja," alisema Anti Pii. "Tundu limeonekana, kadi bado."

"Maana yake kuna swali la kadi tumelijibu vibaya. Rudi kwenye sehemu ya sauti. Usiangalie jina lililobandikwa juu ya kadi, angalia jina la kifaa cha ndani. Hilo hapo."

"Hili? Nilijibu hapana. Sikulijua."

"Ni kosa langu, nilipaswa kukuambia mapema kwamba ina majina mawili."

"Ndiyo, au moduli?"

"Zote zitafanya kazi. Ukiweka moduli, itaitwa ukichomeka. Ukiweka ndiyo, itakuwa humo tangu mashine inapoamka, kadi iwepo isiwepo. Hata ukiwa umeiweka mkobani."

Anti Pii alimtazama. Kisha akabonyeza ndiyo.

Wakajenga tena. Mstari wa mwisho ulipopita alizima mwenyewe, akawasha mwenyewe, na wote wawili wakainama kuelekea ubavu wa laptopu kana kwamba milio ingetokea tunduni.

Pii. Pii.

Bisibisi akafunika uso kwa viganja. Anti Pii alitoka hadi ngazini, akampigia msimamizi, akarudi na uso usiosomeka.

"Anasema nini?"

"Anasema kama imepona nimletee kesho aione kwa macho yake. Na kama ataiona, Ijumaa naondoka." Akachukua hedifoni. "Lakini siwezi kupeleka mashine niliyoisikia milio miwili tu. Sauti zake zinaweza kuwa zimehama. Nahitaji sikio. Kaa."

Bisibisi akakaa kwenye kiti chenye mto. Aligeukia ukuta bila kuambiwa. Anti Pii akamvika hedifoni, akaiondoa bisibisi nyuma ya sikio lake, vidole vikichelewa kidogo hapo, akaiweka mezani.

Hakubonyeza chochote. Aliacha muda upite, mrefu, muda ambao watoto wengi hushindwa na kuinua mkono ili wamfurahishe. Mkono wa Bisibisi ulitulia gotini. Akabonyeza sauti kubwa, mkono ukapanda. Akabonyeza ndogo, ukapanda. Ndogo zaidi, ukapanda, ukashuka. Akaacha tena, akigonga meza kwa kidole makusudi. Mkono ulikaa gotini kama uliogandishwa kwa gundi. Sauti zilikuwa zimekaa sawasawa, kila moja mahali pake.

Kazi ilikuwa imekwisha. Angeweza kumvua hedifoni. Badala yake akavuta maikrofoni ndogo ambayo huitumia kuwatuliza watoto waoga, akachagua sikio la kulia, akateremsha sauti hadi chini kabisa, pale ambapo hata yeye hakuwa na hakika kama kuna kitu kinasikika.

"Muhula ukiisha nikirudi," alinong'ona, "unioe."

Mgongo wa ovaroli ya buluu ulisimama. Mkono haukupanda mara moja. Ulikaa gotini, ukafumba ngumi, ukafumbua, kisha ukapanda polepole hadi juu kabisa, na haukushuka.

"Umesikia nini?" aliuliza Anti Pii.

"La kulia limesikia," Bisibisi alisema, bado anatazama ukuta, bado mkono uko juu. "Lakini mimi sikisii tena. Pima na la kushoto, daktari."

"Mimi si daktari," alisema Anti Pii, akahamisha kitufe upande wa kushoto, na akaongeza sauti kidogo.